Barua kwa mwanangu mpiga dramu: ile saba ya Genesis

Makole, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na kile kipande cha mazoezi yenu huko Mwanza nimekisikiliza mara nyingi kuliko unavyodhani. Umeuliza maswali mawili. La kwanza: mpiga dramu aliyekulia Dodoma, mwenye masikio ya kwaya, dansi na singeli, anapendea nini bendi ya roki progresivu kama Genesis, Waingereza wenye nyimbo za dakika kumi na moja? La pili: mnapofika kwenye ile sehemu ya "The Cinema Show" ambayo kila mzunguko wake una mapigo saba, kwa nini kundi linavunjika kila mara ilhali wewe unahesabu moja hadi saba bila kukosea?

Naanza na la pili. Ukishaipiga ile saba ikakaa, la kwanza utakuwa umejijibu nusu.

Unapotea kwa sababu unahesabu. Zisikilize namba zetu zenyewe: "moja", "mbili", "tatu", "nne", kila moja ina silabi mbili. Zote hizo unazibana ndani ya mapigo madogo ambayo kila moja halifiki theluthi ya sekunde. Ulimi unajikwaa, unakimbia kufidia, na mkono unaufuata ulimi. Ukifika "saba" umechoka, unavuta pumzi. Ile pumzi ndiyo pigo la nane. Nimelisikia kwenye rekodi yenu, mzunguko wa nne na tena wa tisa. Hesabu yako ilikuwa sahihi, lakini ulipumua. Mpiga besi wenu hakupumua, akafika kwenye moja, lile pigo la kwanza la mzunguko, kabla yako, na kuanzia hapo kila mtu anamtegea mwenzake.

Saba ile ichukue kama mbili, na mbili, na tatu. Hakuna mwili unaoijua saba. Mwili unajua mbili na unajua tatu, basi upe hizo.

Kwa hiyo tafuta maneno badala ya namba, ila uyachague vizuri. Usitumie Dodoma, Kondoa wala Chamwino kwa lile fungu la tatu, ingawa yote yana silabi tatu. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: do-DO-ma, ko-NDO-a, cha-MWI-no. Ukiyasema hayo, uzito unaangukia pigo la pili la fungu, na mguu wa kiki, ile ngoma kubwa ya kukanyaga, utavutwa huko huko bila wewe kutaka. Maneno ya silabi mbili hayana shida hiyo, mkazo uko mwanzoni penyewe. Sema hivi:

Bahi, Kongwa, Chemba na
Bahi, Kongwa, Chemba na

BA-hi, KO-ngwa, CHE-mba-na. Mbili, mbili, tatu, na mkazo umekaa pale pale kiki na sneya, ile ngoma ndogo inayolia kavu, zinapotakiwa. Hiyo "na" ya mwisho ina kazi nyingine. Inaacha sentensi haijaisha. Huwezi kuvuta pumzi baada ya "na". Sikio linadai kitu kifuate, linakusukuma mpaka Bahi. Pigo la nane linakosa pa kukaa.

Siku tatu za kwanza usiguse dramu kabisa. Kaa kwenye kiti kigumu, viganja kwenye mapaja vipige mapigo yote saba sawasawa, na mguu ukanyage kwenye BA, KO na CHE tu. Angalia mguu wako hapo. Hatua zake tatu hazilingani: mbili za kwanza ni fupi, ya tatu ni ndefu kwa pigo moja. Mguu utataka kuzilinganisha, maana ndivyo ulivyozoea, na ukizilinganisha unapiga sita bila kujua. Makosa ya saba ni hayo mawili, sita na nane. Sita inatoka kwa mguu, nane inatoka kwa pumzi. Ukijua linatoka wapi, unajua pa kulitibu.

Metronomu ya simu, ile programu inayotoa mlio wa kupimia kasi, itakusaidia ukishaizima kengele yake kubwa. Nyingi zinakuja zimewekwa mkazo kila baada ya mapigo manne, na mtu anapiga saba huku anaitwa na nne, halafu anajilaumu. Ondoa mkazo wote. Weka 120 kwa dakika, kila mlio uwe silabi moja. Ukimaliza mizunguko 32 bila kuyumba, panda 10. Ukiyumba, shuka 20, usishuke 10, kwa sababu kasi ile iliyokuangusha bado iko mikononi. Endelea hivyo mpaka 210.

Ukifika 210 ukakaa vizuri, fanya jambo ambalo wengi wanaliruka: rudisha metronomu 105, lakini wewe endelea kwa kasi ile ile. Sasa mlio unakuja kila baada ya mapigo mawili. Mzunguko wa kwanza utaangukia Ba, Ko, Che na "na". Mzunguko wa pili utaangukia hi, ngwa na mba, yaani katikati ya kila neno. Wa tatu unarudi kwenye Ba. Hapo mwanzo utahisi metronomu imeharibika. Haijaharibika, saba haigawanyiki kwa mbili, basi inachukua mizunguko miwili kukutana. Vumilia mpaka ule mlio wa katikati uache kukubughudhi. Halafu weka 30. Kwa kasi ile ile ya 210, mlio mmoja utakuja kila unapoanza Bahi, na kati yake umebaki peke yako. Ukiweza mizunguko 32 hapo, unaijua saba.

Kwenye dramu, anza na kidogo. Mkono wa kulia kwenye hai-hati iliyofungwa, yale matoazi mawili ya kufungwa kwa mguu, mapigo yote saba. Kiki kwenye 1 na 5, sneya kwenye 3. Kisha ongeza sneya kwenye 7, lakini uiguse tu, ncha ya kijiti isipande zaidi ya vidole viwili juu ya ngozi. Ukiipiga kwa nguvu sawa na ile ya 3, msikilizaji ataidhani ndiyo mwanzo, na moja ya kweli itasikika kama kosa. Kwenye rekodi yenu ndicho kinachomchanganya mpiga gitaa.

Mikono nayo ina mtego wake. Ukipiga kulia-kushoto-kulia-kushoto kwenye mapigo saba, mzunguko wa pili unaanzwa na mkono wa kushoto, wa tatu kulia, na kuendelea. Mtu aliyezoea moja iwe mkononi kulia anaipoteza hapo. Kuna njia mbili. Ya haraka ni kufunga mzunguko kwa kushoto mara mbili: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Moja inarudi kulia kila mara. Ya pili, ambayo naipendelea kwako, ni kuacha mikono ibadilishane na kuzoea kuanza na kushoto, kwa sababu ukigawa kila pigo mara mbili unapata vipigo 14, na 14 hazina tabu hiyo; utakuwa na mikono huru kwa vyote viwili.

Mapambo, vile vipigo vya kuzunguka kwenda kwenye tomu, zile ngoma nyingine za seti, ndiyo yanayoua wapiga dramu wazuri. Wewe mikono yako imehifadhi mapambo ya vipigo vinane na kumi na sita, ya kwaya na ya dansi, yanatoka yenyewe. Ukiingiza pambo la nane ndani ya saba, kundi zima linachelewa pigo moja. Usijaribu kulikata mwishoni, kwani mwisho wa pambo ndio unaotua kwenye moja na mkono haukubali kuuacha. Likate mwanzoni: piga Bahi kama kawaida, anza pambo kwenye Kongwa. Una vipigo vitano, viwili kwenye sneya na vitatu kwenye tomu ya chini, halafu kiki na toazi kwenye Bahi. Kwa miezi miwili pambo lako liwe hilo tu.

Na jaribio la mwisho, la watu wawili. Mpiga besi apige makofi ya nane kwa sauti iliyo sawa, moja ina mkazo. Wewe piga saba. Mnaanza pamoja, mnaachana, na baada ya mapigo 56 mnakutana tena kwenye moja: mizunguko yako minane, yake saba. Msipokutana, mmoja wenu amekosea, na rekodi ya simu itawaambia ni nani bila ugomvi.

Kuhusu kinanda, msimfuate. Kwenye "The Cinema Show", ambayo iko kwenye albamu ya 1973 "Selling England by the Pound", ile sehemu ya saba imejengwa hivi: Phil Collins kwenye dramu na Mike Rutherford wanashika saba kule chini, na Tony Banks anatembea juu yake na kinanda anavyotaka. Sentensi zake nyingine ni ndefu kuliko mzunguko, nyingine zinaanza katikati. Mpiga kinanda wenu anafanya vivyo hivyo, tena anafanya vizuri. Kosa ni lenu mnapomsikiliza yeye ili kujua moja iko wapi. Moja iko kwenye besi na kiki. Kaeni karibu, muonane mkono wa besi na mguu wa kiki, na kinanda kisimame upande wa pili.

Sasa swali lako la kwanza.

Napenda Genesis kwa sababu hesabu yao haisikiki. Bendi nyingi za roki progresivu zikiingia kwenye saba au kumi na moja, utajua; kila pigo la ziada linaonyeshwa kwa kidole. Collins hafanyi hivyo. Alijiunga na bendi mwaka 1970, na ladha yake haikuwa ya mtu wa mahesabu. Alipenda Motown, ule muziki wa soul wa Marekani, alipenda Ringo Starr wa The Beatles, alimpenda Buddy Rich wa jazi. Mtu aliyelelewa na Motown akipewa saba, swali lake la kwanza ni watu watachezaje. Ndiyo maana kwenye ile sehemu ya "The Cinema Show" unaweza kutikisa kichwa dakika nzima kabla ya kugundua kwamba kuna pigo halipo.

Mfano mzuri kuliko wote ni "Turn It On Again", ya albamu "Duke", 1980. Beti zake ni mapigo 13: sita, kisha saba. Rutherford alileta ule mpigo wa gitaa akiuona wa kawaida kabisa, na Collins ndiye aliyemwambia kwamba ni wa kumi na tatu. Fikiria hilo: aliyeutunga hakujua, kwa sababu aliuimba, hakuuhesabu. Wimbo uliingia kumi bora za Uingereza, na walioununua hawakuhesabu chochote. Kwa maneno yetu utakuwa hivi: "Bahi, Kongwa, Chemba, Bahi, Kongwa, Chemba na." Mara ya kwanza bila "na", mara ya pili nayo. Ukijaribu kupiga kiki na sneya kwa kupokezana juu yake, kumbuka 13 haigawanyiki kwa mbili: mzunguko wa pili utaanza na sneya, na mambo yatarudi sawa baada ya mapigo 26. Ama ukubali igeuke, ama uweke kiki mbili zinazofuatana, ya 13 na ya 1. Zote zinafaa, ila mkubaliane na mpiga besi kabla ya kuanza.

Upande mwingine kabisa kuna "Supper's Ready", ya albamu "Foxtrot", 1972, karibu dakika 23. Kuna sehemu humo ya tisa, na tisa yenyewe si tatu-tatu-tatu uliyozoea kwenye nyimbo za kwaya. Ni tatu, mbili, nne. "Chemba na, Bahi, Kongwa kwetu." Dramu, besi na gitaa wanaishikilia hiyo bila huruma huku kinanda cha Banks kikipita juu kwa mapigo mengine. Usiipige bado. Isikilize tu, ukitamka.

Una macho makali, kwa hiyo nikuonye kuhusu video. Collins anatumia mkono wa kushoto, na dramu zake zimepangwa kinyume na zako: kiki iko mguu wa kushoto, hai-hati upande wa kulia. Ukimwiga kwa macho utajifunga mikono. Mwige kama unajitazama kwenye kioo, na baadhi ya mambo yatakuwa rahisi ghafla.

Peter Gabriel, mwimbaji wao, aliondoka 1975. Collins akaingia kwenye uimbaji, kuanzia albamu ya 1976 "A Trick of the Tail", lakini studio aliendelea kupiga dramu. Jukwaani walihitaji mtu wa pili, na hapo pana somo kubwa kwa mpiga dramu. Mwaka 1976 alikuja Bill Bruford, aliyekuwa kwenye bendi ya Yes kisha King Crimson, mtu wa sneya kavu, ya juu, inayotua usipoitegemea. Mwaka 1977 akaja Chester Thompson, Mmarekani aliyepiga na Frank Zappa na Weather Report, mzito na mviringo kama mpiga tumba mzuri. Albamu ya jukwaani "Seconds Out", 1977, iliyorekodiwa Paris, ina wote: "The Cinema Show" ya humo ni Collins na Bruford, nyimbo nyingine ni Collins na Thompson. Weka ile ya studio ya 1973 na hii ya jukwaani moja baada ya nyingine, usikilize saba ile ile mikononi mwa watu tofauti. Mwishoni mwa "Afterglow" kuna pambo la dramu mbili kwa pamoja ambalo Collins alilipenda kutoka kwenye "More Trouble Every Day", wimbo wa Zappa ulio kwenye albamu ya 1974 ambayo Thompson mwenyewe alipigamo. Mpiga dramu anayependa kitu cha mwenzake akakileta jukwaani kwake, huku mwenye nacho ameketi pembeni yake: hilo mimi nalipenda sana.

Na miaka 44 baadaye, kwenye ziara yao ya mwisho ya 2021 na 2022, Collins alikuwa anaimba akiwa ameketi, mgongo haukumruhusu tena kupiga. Aliyekalia dramu ni mwanawe, Nic, aliyezaliwa 2001. Kipande kile cha saba cha "The Cinema Show" walikipiga pia. Kitafute usikilize jinsi kijana anavyoiacha saba ipumue bila kuongeza la nane.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo ningependa ulijue, maana uliuliza kama mtu wa Dodoma ana chochote cha kufanya na muziki huu. Mwaka 1980 Gabriel alitoa albamu yake ya tatu, na kwa albamu hiyo Collins alikuwa amempigia dramu kwenye studio ya Townhouse, London. Gabriel alikataza matoazi. Hakuna hai-hati, hakuna toazi kubwa, ngoma tupu. Fundi wa sauti, Hugh Padgham, akapitisha sauti ile kwenye mashine inayoikuza kisha inaifunga ghafla, na ndipo ukatoka ule mshindo mkubwa usio na mkia ambao dunia nzima iliujua 1981 kwa "In the Air Tonight". Ukiondoa matoazi, mpiga dramu wa roki anachanganyikiwa, kwa sababu mkono wake wa kulia ndio uliokuwa unashika muda. Muda unabidi uhamie kwenye ngozi na miguuni.

Sasa simama karibu na wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme. Ngoma imebanwa kati ya mapaja, viganja vitupu, ngozi upande mmoja na chini wazi. Hakuna toazi linaloshika muda. Muda uko miguuni, kwenye filimbi ya kiongozi, na kwenye ngoma zenyewe zinazopokezana. Sisemi muheme inapigwa kwa saba. Ninachosema ni kwamba sikio lililokua karibu na muheme halihitaji hai-hati ili kujua moja iko wapi, na hicho ndicho Collins alitakiwa kujifunza mle studio. Ukija likizo tukapata nafasi ya kwenda Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Kigogo, usitazame mikono ya wapigaji. Tazama magoti.

Na Gabriel huyo huyo, kupitia kampuni yake ya Real World, ndiye aliyeitoa "Chibite" ya Hukwe Zawose mwaka 1996, ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze na sauti zile za Kigogo zinazopanda kama zimetoka kwenye jiwe. Mwaka 2002 Zawose alisafiri naye Marekani. Zawose alizaliwa hapa hapa mkoani, Doduma, akafanya kazi Bagamoyo, akafariki 2003. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini mpiga dramu wa Dodoma anasikiliza mwimbaji wa kwanza wa Genesis, mwambie huyo mwimbaji ametusikiliza na sisi.

Ukitaka sauti ya Collins kwenye zile dramu za kanisani, usifungue ngozi za chini bila ruhusa, na ukiruhusiwa, fungua za tomu tu. Ngozi ya chini ikitoka, skrubu zake zitabaki zinatikisika na kuimba. Zitoe kabisa, au sivyo jaza pamba nyuma ya kila moja. Ngozi ya juu ikaze kwa vidole kwanza, kisha kwa ufunguo, nusu mzunguko kila skrubu, ukiruka kwenda ya upande wa pili, usizifuate kwa mduara. Ukizifuata kwa mduara upande mmoja unakaza mapema, na ngozi inatoa sauti mbili zinazogombana. Endelea mpaka mikunjo iishe, ongeza robo moja, acha. Tomu ya ngozi moja hutoa sauti fupi, ina kishindo na haina mkia. Chini ya paa la bati hilo ni la neema, mwangwi wa paa unatosha kuwa mkia.

Albamu za kuwapa wenzako, kwa mpangilio huu: "A Trick of the Tail" kwanza, kwa sababu "Dance on a Volcano" inaanza na saba kali ambayo hata mpiga gitaa ataipenda, na "Los Endos" ya mwisho inachezeka. Kisha "Duke". Kisha "Selling England by the Pound". "Foxtrot" iache mpaka waiombe. Wasikilize kwa spika kubwa au vya masikioni. Spika ya simu inaficha besi na kiki, na kwenye muziki huu ukikosa hivyo viwili umebaki na kinanda kinachozurura.

Neno la mwisho kuhusu kanisa, maana najua unalifikiria. Usipige saba chini ya pambio. Waumini wanapiga makofi kila baada ya mapigo mawili, na mzunguko wa pili makofi yao yataangukia kwenye hi, ngwa, mba, kama ile metronomu ya 105. Wao hawakufanya mazoezi ya siku tatu, watajiona wamekosea, na wataacha kupiga. Ukitaka kabisa, iweke kwenye kipande kisicho na uimbaji, mizunguko minane, si sita wala kumi. Minane ni mapigo 56, sawa na vipimo saba kamili vya nane, na makofi ya watu yatakutana nanyi kwenye moja kana kwamba hamkuondoka.

Wiki ijayo nitumie rekodi nyingine. Mizunguko minane tu, wewe na mpiga besi peke yenu, bila kinanda, bila pambo hata moja. Simu muiweke sakafuni upande wa kiki, hatua mbili kutoka kwenye dramu, isiwe juu ya spika ya besi kama mara iliyopita. Nitasikiliza ile saba ya mwisho kabla ya Bahi.

Msalimie mpiga besi, mwambie ni yeye aliyekuwa sahihi.

Mama yako